AMRI YA MFALME NA HAKI YA MAITI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa redioni yamepigwa chapa hapa ili wanafunzi wapate kuyasoma tena polepole, mmoja mmoja au darasa zima pamoja.

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo:

Mbiu: tangazo la mkuu, lipigwalo ili watu wote wasikie.
Madaraka: uwezo wa kuamuru aliopewa mtu kwa ajili ya kazi yake.
Tambiko: kitu kitolewacho au kimiminwacho kwa ajili ya wafu au miungu.
Unajisi: hali ya kuchafuka mbele ya Mungu au miungu.
Mwaguzi: mtu asomaye dalili na kueleza mambo yaliyofichika.
Ukaidi: tabia ya kukataa kusikia shauri.

MTANGAZAJI: Hamjambo, mabibi na mabwana mliokusanyika madarasani, na ninyi mnaosikiliza majumbani. Leo mwalimu atatueleza habari za mchezo wa kuigiza wa kale sana, uliotungwa na Myunani mmoja aitwaye Sophocles. Pamoja naye yupo mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la jioni, ambaye atauliza maswali kwa niaba yetu sote. Karibu, mwalimu.

MWALIMU: Ahsante. Mama, shikamoo.

MWANAFUNZI: Marahaba, mwalimu.

MWALIMU: Kabla hatujaanza, nakuomba unijibu neno moja. Mtu akifa mjini, ni nani apaswaye kumzika?

MWANAFUNZI: Ndugu zake. Na kama hana ndugu, basi jirani. Maiti haachwi.

MWALIMU: Na kama marehemu alikuwa adui wa mji?

MWANAFUNZI: Hata hivyo atazikwa. Mabaya yake atayajibu mwenyewe huko aendako. Kazi yetu sisi ni kumsitiri.

MWALIMU: Vema. Wayunani wengi wa kale wangekubaliana nawe. Mchezo wa leo wauliza hivi: je, mfalme akikataza jambo hilo, mtu afanyeje? Amtii mfalme, au amtii Mungu wake na ukoo wake?

Mtunzi na mji wake

MWALIMU: Mchezo wenyewe waitwa Antigone. Hilo ni jina la msichana. Tulitamke pamoja kwa silabi: A-nti-go-ne. Tena: A-nti-go-ne.

Sophocles alizaliwa karibu na mji wa Athens, katika nchi ya Ugiriki, yapata mwaka 496 kabla ya Kristo. Aliishi karibu miaka 90. Yasemekana alitunga michezo zaidi ya 120, lakini iliyotufikia mizima ni 7 tu. Mchezo wa Antigone ulichezwa mara ya kwanza karibu mwaka 441 kabla ya Kristo. Basi una umri wa zaidi ya miaka 2,400, na hata leo bado unachezwa.

MWANAFUNZI: Watu wa zamani hizo walikuwa wakienda kutazama michezo kama sisi?

MWALIMU: Walikwenda, mama, lakini si kwa kujifurahisha tu. Kila mwaka wakati wa machipuo, watu wa Athens walifanya sikukuu ya mungu wao Dionysus, mungu wa mvinyo. Maelfu ya watu walikaa kwenye mteremko wa kilima, chini ya ngome ya mji, wakatazama michezo tangu asubuhi. Wachezaji wakuu walikuwa watatu, wote wanaume, hata walioigiza wanawake. Walivaa sura za bandia, na kila mmoja alibadili sura kwa kadiri alivyobadili mtu wa kuigiza. Kando yao lilikuwako kundi la waimbaji 15, wakiimba na kucheza ngoma. Watunzi walishindana, na waamuzi walimchagua mshindi.

Basi, mkusanyiko ule ulikuwa ibada, ulikuwa sherehe, na tena ulikuwa kama baraza la mji. Ndiyo maana katika michezo yao mambo ya dini, mambo ya jamii na mambo ya utawala hayatengani. Watazamaji ni wale wale: asubuhi hii wametoa kafara, kesho watakaa barazani kupiga kura.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili. Sophocles hakuwa mshairi wa kukaa pembeni. Aliwahi kuwa mtunza hazina, na karibu wakati ule ule wa mchezo huu alichaguliwa kuwa mmoja wa majemadari kumi wa Athens. Aliyajua madaraka kwa kuyashika. Aandikapo habari za mtu mwenye kuamuru, anaandika habari za kazi aliyoifanya mwenyewe.

Jambo la tatu: Athens ilijivunia kwamba raia wake walijitawala. Sheria na maazimio yao yalichorwa juu ya mawe na kusimamishwa mahali pa wazi, ili ajuaye kusoma ayasome. Lakini raia waliokuwa na sauti barazani walikuwa wanaume tu. Wanawake hawakupiga kura, wala watumwa, wala wageni. Mwanamke aliwekwa chini ya mlinzi wake, baba au mume au ndugu wa kiume. Hata hivyo katika msiba kazi kubwa ilikuwa ya wanawake: kuosha maiti, kumvika na kumwombolezea. Wekeni hilo moyoni, kwa maana litatusaidia mbele.

Kisa chenyewe

MWALIMU: Sasa sikilizeni kisa. Sophocles hakukiweka katika mji wake mwenyewe, bali katika mji mwingine wa Ugiriki uitwao Thebes, na katika zama za wafalme wa hadithi za kale.

Mfalme Oedipus wa Thebes alikuwa na watoto wanne: wana wawili, Eteocles na Polynices, na mabinti wawili, Antigone na Ismene. Baba alipokwisha kuondoka, wale wana wawili waligombea kiti. Eteocles alibaki mjini akitawala. Polynices alifukuzwa, akaenda mji wa Argos, akarudi na jeshi la wageni kuushambulia mji aliozaliwa. Vita vikapiganwa kwenye milango saba ya Thebes. Ndugu hao wawili walikutana uso kwa uso, wakauana siku moja. Jeshi la wageni likakimbia.

Kiti kikabaki kitupu. Akakitwaa Creon, ndugu wa kiume wa mama yao. Kwa lugha yetu, Creon ni mjomba wa Antigone. Tena mwana wa Creon, aitwaye Haemon, alikuwa mchumba wa Antigone. Basi yote haya ni ugomvi wa nyumba moja.

Amri ya kwanza ya Creon ilikuwa juu ya wale maiti wawili. Eteocles, aliyeulinda mji, azikwe kwa heshima zote. Polynices, aliyeuleta adui, asizikwe, asiliwe, aachwe juu ya ardhi awe chakula cha mbwa na ndege. Mbiu ikapigwa: atakayemzika atauawa kwa kupigwa mawe.

MWANAFUNZI: Asiliwe, maana yake nini hapo?

MWALIMU: Maana yake asililiwe, pasiwe na mtu wa kumlilia. Umefanya vema kuuliza, maana neno hilo laweza kumchanganya msomaji. Wanafunzi, liandikeni hivi: asililiwe.

Antigone alimwita dada yake usiku, nje ya nyumba, akamweleza nia yake ya kumzika ndugu yao. Ismene aliogopa. Alisema kwamba wao ni wanawake, nao hawawezi kushindana na wanaume, wakubwa wameamuru, hawana budi kutii, wafu watawasamehe. Antigone alikasirika, akaenda peke yake.

MTANGAZAJI: Hapa tutanyamaza kidogo. Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi: Kama wewe ungalikuwa Ismene, ungalifanyaje? Je, Ismene ni mwoga, au ni mwenye busara?

(Kimya cha dakika mbili.)

MWALIMU: Tuendelee. Maiti aliwekewa walinzi. Mmoja wao akaja kwa mfalme, akitembea hatua moja mbele na moja nyuma kwa hofu. Wenzake walipiga kura, nayo kura ikamwangukia yeye apeleke habari mbaya. Alisema ya kwamba mtu asiyejulikana amemnyunyizia maiti vumbi. Wazee wa mji wakamnong’oneza mfalme kwamba labda jambo hili ni la miungu. Creon akawaka. Akawaambia wanyamaze, miungu haiwezi kumjali mhaini. Akamgeukia yule mlinzi, akamshitaki kwamba amekula rushwa, akamwahidi mateso asipomleta mwenye kosa.

Walinzi wakarudi, wakalifagia lile vumbi. Mchana kimbunga kikainuka. Kilipopita, wakamwona msichana akilia kama ndege aliyekuta kiota chake kitupu. Alichukua vumbi kwa mikono yake, akamfunika ndugu yake mara ya pili, akamimina tambiko mara tatu. Wakamkamata. Hakukimbia wala hakukana.

Alipoulizwa na mjomba wake kama alijua mbiu imepigwa, alijibu kwamba alijua, maana ilisikiwa na kila mtu. Kisha akasema jambo ambalo watu hawajalisahau tangu siku ile. Alieleza ya kwamba mwanadamu, ajapokuwa mfalme, hana nguvu za kufuta sheria za mbinguni, ambazo hazikuandikwa popote, wala hakuna ajuaye zilianza lini. Kifo alikijua kitakuja tu, na amri au pasipo amri. Lakini kumwacha mtoto wa mama yake bila kaburi, hilo ndilo lingalimuumiza.

Creon alihukumu auawe. Baadaye akabadili namna ya kifo: akaamuru afungiwe hai ndani ya pango la mwamba, na chakula kidogo, ili mji usije ukapata unajisi wa damu yake.

Je, Creon hana hoja?

MWANAFUNZI: Mwalimu, mimi namwona Creon kuwa mtu mbaya tangu mwanzo.

MWALIMU: Usiharakishe, mama. Sophocles hakutunga hadithi ya fisi na mbuzi, ambayo tunajua toka mwanzo nani mbaya. Sikiliza hoja ya Creon.

Mji umetoka vitani jana tu. Damu haijakauka. Creon awaambia wazee kwamba mji ni kama jahazi. Sote tumo ndani yake. Likizama, hakuna cha ndugu wala rafiki. Basi mtawala anayempendelea jamaa yake kuliko mji hafai kitu. Hoja hiyo ni mbaya?

MWANAFUNZI: La, hiyo ni njema. Hata sisi hatupendi mkubwa mwenye upendeleo.

MWALIMU: Naam. Na katika Athens yenyewe, mhaini hakuruhusiwa kuzikwa ndani ya ardhi ya mji. Basi watazamaji wa kwanza hawakushangaa sana kusikia adhabu imetolewa kwa maiti wa mhaini. Lakini Creon alipita mpaka. Desturi ile ilisema asizikwe katika ardhi yetu. Ndugu zake waliweza kumchukua wakamzike ng’ambo ya mpaka. Creon alikataza kaburi lolote, mahali popote, kwa mkono wa mtu yeyote. Alitaka aliwe na mbwa mbele ya macho ya watu. Hapo adhabu ya mji iligeuka kuwa dharau kwa wafu, na kwa miungu ya wafu.

Tena tutazame upande wa Antigone. Yeye naye ana ukali. Dada yake aliporudi kwa toba, akataka kufa pamoja naye, Antigone alimkataa kwa maneno makavu. Ajua kuwapenda wafu kuliko awezavyo kuwavumilia walio hai. Basi mtunzi ametupa watu wawili, kila mmoja ameshika kipande cha haki. Mmoja ashika amri ya mji, mwingine ashika wajibu kwa Mungu na kwa ukoo. Ndiyo maana mchezo huu wauma moyo. Kama mmoja angalikuwa mwovu tu, tungalicheka aangukapo.

Watu watano wasiosikiwa

MWALIMU: Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Kosa kubwa la Creon si kwamba alitoa amri. Kila mtawala hutoa amri, na amri nyingine huwa na kasoro. Kosa lake ni kwamba alipoletewa nafasi ya kuisahihisha alikataa kusikia, tena na tena. Hebu tuhesabu pamoja kwa vidole.

Kidole cha kwanza: wazee wa mji. Walisema labda jambo hili lina mkono wa miungu. Akawanyamazisha.

Kidole cha pili: mlinzi, mtu maskini asiye na jina katika mchezo. Alileta habari ya kweli. Creon akamwona mla rushwa.

Kidole cha tatu: Antigone. Creon alisema waziwazi kwamba yeye akiwa hai hatatawaliwa na mwanamke. Angalieni jinsi swali lilivyogeuka. Swali lilikuwa, je, maiti azikwe? Sasa limekuwa, je, nishindwe na mwanamke? Mtu akianza kutazama ni nani asemaye, huacha kupima lisemwalo.

Kidole cha nne: Haemon, mwanawe mwenyewe. Alikuja kwa adabu, akaanza kwa kumheshimu baba yake. Kisha akamweleza jambo ambalo mfalme hawezi kulisikia akiwa kitini: mjini watu wananong’ona gizani wakimhurumia yule msichana, lakini wakimwona mfalme wanaogopa. Akampa mfano wa mti ukaao kando ya mto wakati wa mafuriko: uinamao huponya matawi yake, ukazao hung’olewa na mizizi. Akampa mfano wa baharia asiyelegeza tanga katika upepo mkali: chombo humpindukia. Creon akauliza kama watu wa umri wake wafundishwe na kijana. Akauliza tena kama mji ndio utakaomwambia la kuamuru. Haemon akamjibu ya kwamba mji wa mtu mmoja si mji.

MWANAFUNZI: Neno hilo ni zito.

MWALIMU: Ni zito sana, na fikiri lilivyosikika masikioni mwa watu wa Athens, waliokuwa wakijitawala kwa baraza.

Kidole cha tano: Tiresias, mwaguzi kipofu, mzee aongozwaye na mtoto. Alisema ndege wanapigana angani, na kafara juu ya madhabahu hazishiki moto, kwa sababu mbwa na ndege wameleta nyama ya maiti hata penye ibada. Mji umepata unajisi, na sababu ni amri ya mfalme. Akamsihi: kukosa ni kwa watu wote, lakini akosaye na akarekebisha si mpumbavu. Creon akamwambia kwamba waaguzi wote wanapenda fedha.

Sasa tazameni hivyo vidole vitano. Wazee wa baraza, maskini, mwanamke, kijana, kipofu. Hao ni watu wa chini yake, kila mmoja kwa namna yake. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kweli ambacho mfalme hakuwa nacho. Na kwa kila mmoja mfalme alikuwa na sababu tayari ya kutomsikia: huyu mkongwe, huyu mla rushwa, huyu mwanamke, huyu mtoto, huyu mwenye tamaa.

Methali yetu yasema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli. Lakini Sophocles anatuonyesha upande wake wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo, naye huvunjika, na avunjikapo haanguki peke yake.

Mwisho wa kisa

MWALIMU: Tiresias alimwambia Creon neno la mwisho. Amemweka juu ya ardhi aliye wa kuzimu, na amemfukia aliye wa juu. Amepindua mambo, naye atalipa kwa mtoto wa viuno vyake. Mwaguzi akaenda zake.

Hapo ndipo Creon akaogopa. Akawauliza wazee afanye nini. Wakamshauri: nenda ukamtoe msichana pangoni, kisha umzike maiti. Sikilizeni huo mpango: kwanza aliye hai, halafu aliyekufa. Creon akatoka mbio. Lakini alianza na maiti. Akamwosha Polynices, akamzika, akainua kilima cha udongo juu yake. Kisha akaenda pangoni.

Alichelewa. Antigone alikuwa amejinyonga kwa kitambaa cha nguo yake. Haemon alikuwa amemkumbatia. Alipomwona baba yake, alichomoa upanga akamkosa, kisha akajichoma mwenyewe. Habari zikafika nyumbani. Mke wa Creon, malkia Eurydice, alisikiliza kimya, akaingia ndani, akajiua huku akimlaani mumewe. Creon akabaki na kiti chake, na nyumba tupu. Mwishoni aliomba aondolewe tu, kwa maana yeye si kitu tena.

MWANAFUNZI: Angalianza na msichana, wangaliokoka wote watatu.

MWALIMU: Huenda. Mtunzi ameliacha hapo bila kulieleza, nasi tulifikiri wenyewe. Alipokubali kusikia, bado alisikia nusu.

Mafunzo matatu

MWALIMU: Sasa tukusanye mavuno. Funzo la kwanza ni la dini. Katika mchezo huu miungu haionekani jukwaani hata mara moja. Huonekana katika mambo madogo: ndege wanaopigana, moto usiowaka, mwili uliosahauliwa juu ya ardhi. Sophocles aonyesha kwamba kuna jambo ambalo mtawala hakulipewa. Maiti si raia wake tena. Amri yake hukoma penye kaburi.

Funzo la pili ni la jamii. Antigone hakutoka nje ya kazi ya mwanamke alipomzika ndugu yake. Alifanya ile ile kazi ambayo jamii yake ilimpa. Ajabu ndiyo hiyo. Jamii imemwambia, wewe kazi yako ni wafu wa nyumba yako. Alipoitimiza, ikamwambia, umeasi. Basi si kila aitwaye mwasi ameacha desturi. Mwingine ameishika kuliko waliomhukumu.

Funzo la tatu ni la madaraka. Wengine watauliza: ikiwa kila mtu atafuata sheria isiyoandikwa, ya moyoni mwake, nchi itakaaje? Swali hilo ni la haki. Ninyi mnaojifunza kusoma mnaijua faida ya sheria iliyoandikwa. Ikiandikwa, mkubwa hawezi kuibadili usiku. Mdogo aweza kuinyoshea kidole na kusema, hapa pameandikwa hivi. Lakini amri ya Creon haikutungwa barazani. Ilikuwa mbiu ya mtu mmoja, aliyekaa kitini kwa siku moja. Mchezo hausemi kwamba amri si kitu. Wasema kwamba amri hupata nguvu ya kudumu pale mwenye kuitoa akubalipo kuulizwa.

Kisa kilivyosafiri

MWANAFUNZI: Na watu wa siku hizi wanaona faida gani katika kisa cha zamani hivyo?

MWALIMU: Wamekirudia kila walipobanwa, mama. Mwaka 1944, mji wa Paris ukiwa chini ya jeshi la Wajerumani, Mfaransa Jean Anouilh alionyesha hapo mchezo wake mwenyewe juu ya Antigone. Mwaka 1994, Femi Osofisan wa Nigeria alitunga mchezo uitwao Tegonni, akakiweka kisa hiki katika nchi ya Wayoruba wakati wa ukoloni wa Waingereza.

Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya kisiwa cha Robben, Afrika Kusini. Serikali ya ubaguzi iliwafunga huko wapinzani wake, na Nelson Mandela alikaa kisiwani tangu mwaka 1964 hata 1982. Wafungwa walicheza michezo wenyewe kwa wenyewe, na mmoja wao ulikuwa Antigone. Mandela ameeleza hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994. Je, mwajua aliigiza nani?

MWANAFUNZI: Bila shaka Antigone, au yule Haemon.

MWALIMU: La. Aliigiza Creon. Mfungwa alisema maneno ya mfalme. Aliandika kwamba Creon alipoanza alikuwa na nia njema na mapenzi kwa mji wake, lakini ukaidi ukamharibu. Na kiongozi hana budi kuichanganya haki na huruma. Miaka ikapita. Mwaka 1990 alifunguliwa, na mwaka 1994 akawa rais. Kwanza alikuwa amekwisha kukaa katika kiti cha Creon, mchezoni, akaona jinsi mtu anavyopotea humo.

Mwaka 1973, Athol Fugard pamoja na John Kani na Winston Ntshona walionyesha mchezo uitwao The Island, wa wafungwa wawili wanaojitayarisha kuigiza Antigone gerezani.

Nasi wasomaji wa Kiswahili hatukuachwa nyuma. Mwaka 1971 ulipigwa chapa mchezo mwingine wa Sophocles, uliotafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Mfalme Edipode. Huo ni wa baba yake Antigone. Mkiuona katika maktaba, msiupite.

Maswali na kazi ya nyumbani

MTANGAZAJI: Ahsante, mwalimu, ahsante, mama. Sasa ni kazi ya madarasa. Jadilini maswali haya:

1. Creon alisema mji ni kama jahazi. Haemon alisema baharia asiyelegeza tanga hupinduka. Je, mifano hiyo miwili yapingana, au yakamilishana?

2. Ni nani kati ya wale watano ambaye Creon angaliweza kumsikia bila kupoteza heshima yake? Toeni sababu.

3. Katika mji au kijiji chenu, ni watu gani ambao maneno yao hayasikilizwi haraka? Ni sababu gani hutolewa?

4. Wazee walimshauri Creon aanze na aliye hai. Kwa nini mnadhani alianza na maiti?

Kazi ya kuandika: kila mwanafunzi aandike sentensi tano kama kwamba yeye ni mlinzi wa maiti, akimwandikia mke wake barua usiku ule alipomkamata Antigone. Anayeanza kuandika aandike sentensi mbili tu. Mwalimu wa darasa asisahihishe herufi peke yake, bali ausome na moyo wa barua, kisha achague mbili za kusomwa kwa sauti.

MWALIMU: Na neno langu la mwisho. Barua hizo zikisomwa, sikilizeni hata ya yule aandikaye kwa shida. Kwaherini.

MTANGAZAJI: Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.